Gari Moshi Lililochelewa na Jalada Lililopotea

Mimi ni karani wa Serikali mjini Eldoret, na makazi yangu ni Langas, upande wa kusini wa mji, kando ya barabara iendayo Kisumu. Msomaji aliyepata kukaa Langas hana haja ya kuelezwa jinsi asubuhi zetu zilivyo. Jua halijatoka bado, na watu wamekwisha jaa barabarani: mafundi na mifuko ya vyombo vyao, watoto wa shule, akina mama na vikapu vya mboga, na sisi makarani, ambao viatu vyetu hupigwa rangi nyumbani na kuchafuka kabla hatujaifikia matatu. Mvua ikinyesha ni matope, ikikatika ni vumbi.

Hivi karibuni tulisimama hapo kwa muda mrefu, kwa kuwa lori moja lilikuwa limeharibika mbele na kuziba njia. Jirani yangu, ambaye ni mwalimu, akatazama saa yake akasema kwa uchungu, “Tangu mwaka 2024 Eldoret imeitwa jiji. Lakini ni jiji la namna gani lisilo na gari moshi la kuwapeleka watu kazini? Tungekuwa nalo, Bwana Karani, mimi na wewe tusingechelewa tena maishani.” Waliokuwapo wakamwitikia. Mimi nikacheka, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa maneno yake yalinikumbusha asubuhi moja niliyochelewa sana, na wakati huo nilikuwa nimo ndani ya gari moshi. Asubuhi ile ilinipotezea cheo, lakini ilinifundisha jambo ambalo nalitumia kila siku kazini. Nilimsimulia mwalimu tulipokuwa tukingoja, naye akaniambia afadhali niliandike, ili na wengine walipime.

Watu wa Eldoret si wageni wa reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilitolewa Nakuru, ikapanda mpaka Timboroa, mahali palipoinuka kiasi cha futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, ikateremka hata kufika Eldoret mwaka 1924. Mwaka 1931 ilifika Kampala. Kabla ya hapo, mji huu ambao wazee waliuita Sisibo, kwa kuwa ulijengwa juu ya shamba lenye nambari 64, ulipata mizigo yake kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Reli ndiyo iliyochukua mahindi na ngano ya Uasin Gishu kuipeleka mbali. Lakini reli yetu ilikuwa ya mizigo na ya wasafiri wa safari ndefu. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu atokaye nyumbani asubuhi na kurejea jioni. Magari moshi ya namna hiyo niliyakuta Nairobi.

Nilihamishiwa Nairobi mwezi wa Septemba mwaka 2017. Huko magari moshi ya asubuhi huingia mjini kutoka pande nyingi, kama vile Ruiru, Kikuyu, Embakasi na Syokimau, ambako stesheni mpya ilifunguliwa mwezi wa Novemba mwaka 2012. Wengi twaendelea kuyaita magari moshi kwa desturi tu, maana injini zake siku hizi hutumia dizeli, na ule moshi mkubwa wa zamani hauko tena. Nauli ilikuwa nafuu kuliko ya matatu, tena gari moshi halisimamishwi na msongamano wa barabarani. Kasoro yake ni moja. Sehemu kubwa ya reli hizo ni zile za zamani, zenye upana wa mita moja, na mahali pengi njia ni moja tu, ya kwenda na ya kurudi. Gari moja likisimama, lililo nyuma yake halina pa kupitia, na lile litokalo mjini halina budi kungoja.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa Machi mwaka 2018 nilipanda gari moshi saa kumi na mbili na nusu, nimevaa suti yangu ya pekee. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa mbele ya halmashauri ya kuwachagua makarani watakaopandishwa cheo, na saa yangu ilikuwa saa mbili na nusu. Safari hiyo kwa kawaida ilichukua dakika arobaini. Nilijihesabia kuwa nitafika mapema, ninywe chai, nizisome tena karatasi zangu kwa utulivu.

Baada ya dakika kumi na tano gari likapunguza mwendo, likasimama katikati ya stesheni mbili, mahali pasipo na kitu ila ukuta wa kiwanda na majani marefu. Mwanzoni hakuna aliyejali. Baada ya robo saa watu wakaanza kuchungulia madirishani. Mkaguzi wa tiketi akapita, tukamwuliza kuna nini, akajibu, “Kuna shida kidogo. Tutaondoka sasa hivi.” Ikapita robo saa nyingine, akaulizwa tena, akasema yale yale. Mara ya tatu hakumtazama mtu usoni. Alisema “sasa hivi” huku akienda zake, akapita behewa la mbele, nasi hatukumwona tena.

Karibu yangu alisimama msichana wa chuo aliyekuwa na mtihani saa mbili. Kando yake palikuwa na kijana wa kazi za ujenzi. Aliniambia kuwa msimamizi wao huita majina saa moja na nusu, na asiyekuwapo nafasi yake hupewa mwingine aliyesimama langoni. Kuchelewa kwake ni kukosa mshahara wa siku nzima. Palikuwa na mama mmoja mwenye ndoo ya mandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa, ambayo huyauza kwa wafanyakazi kabla hawajaingia kazini. Yakichelewa ni mandazi ya jana. Niliwatazama nikafahamu ya kwamba saa moja haina bei moja kwa watu wote. Kwangu mimi, mwenye mshahara wa mwezi, siku nyingine yoyote kuchelewa kungekuwa ni kukemewa tu. Lakini siku ile na mimi nilikuwa na langu, na nalihisi jasho likinitoka chini ya suti.

Ilipopata saa moja na dakika arobaini, sikuweza kuvumilia. Niliteremka pamoja na wanaume wengine wachache, tukatembea juu ya mataruma kuelekea mbele. Simshauri msomaji kufanya hivyo, kwa maana ni hatari na ni kinyume cha sheria. Mbele ya injini, mahali reli mbili zinapoachana, tulimkuta mzee mwenye mvi amepiga magoti juu ya kokoto, amevaa ovaroli ya buluu, na kijana akimshikia spana.

“Shikamoo, mzee,” nilimwambia.

“Marahaba.”

“Tumekaa humo karibu saa nzima. Kuna nini?”

Yule mzee hakusema “shida kidogo”. Aliweka spana chini, akanionyesha kwa kidole. “Tazama hapa. Hizi ndimi mbili za chuma ndizo zinazolipeleka gari kulia au kushoto. Ulimi ukisogezwa, lazima ulale sawasawa ubavuni mwa reli, kisha komeo liingie kuushika. Leo haulali. Bolti ya fimbo hii haipo. Imefunguliwa usiku na mtu, na bila shaka imekwisha uzwa kwa kilo.”

Niliinama nikatazama. Kati ya ulimi na reli palikuwa na nafasi ya unene wa kidole. Kwa kuwa nalikuwa na hasira, nikasema, “Kwa ajili ya nafasi ya kidole kimoja mmewazuia watu wote hawa?”

“Kidole hicho kinatosha, kijana wangu. Gurudumu litaingia hapo kati, behewa la kwanza liende huku, na la pili liende kule.” Kisha akaniinulia uso kuelekea ile nguzo ya ishara. “Unaiona ishara ile? Tangu alfajiri imekataa kufunguka. Komeo lisipoingia haifunguki, hata watu kumi wakiivuta. Waliounda waliiunda hivyo kusudi. Siku itakayofunguka na ulimi ungali wazi, siku hiyo mtanishonea sanda.”

Nikamwuliza mbona hatukuambiwa. Akaokota spana yake. “Mimi nilitoa habari saa moja kasorobo. Nikasema pia kwamba itachukua saa moja na nusu, kwa sababu bolti nyingine inatoka mbali. Kazi yangu ni chuma. Maneno ni kazi ya makarani.”

Hakujua kuwa mimi ni karani.

Nilirudi katika behewa letu nikawaeleza wenzangu: bolti imeibwa, nyingine inaletwa, na itakuwa zaidi ya nusu saa kabla hatujaondoka. Nilidhani watapiga kelele. Kinyume chake, kelele zilizokuwapo zikatulia. Yule msichana akampigia simu mwalimu wake. Kijana wa ujenzi akateremka, akavuka majani kuelekea barabarani, maana alijua sasa kuwa kungoja hakumfai kitu. Mama wa mandazi akafunua ndoo yake, akauza humo humo behewani mpaka akabakiwa na manne. Habari yenyewe ilikuwa mbaya, lakini kila mtu alipoipata aliweza kushika shughuli yake mwenyewe.

Gari liliondoka saa mbili na robo. Mimi nilifika mbele ya halmashauri saa tatu na dakika ishirini. Karani wa mlangoni, kijana mpole, akaniambia kwamba jina langu liliitwa mara mbili. Sikupewa nafasi nyingine mwaka ule. Nilipokuwa nikishuka ngazi nalijua jambo moja lililoniuma kuliko yote: laiti yule mkaguzi wa tiketi angetuambia ukweli mara ya kwanza tulipomwuliza, ningeteremka, nikatembea mpaka barabarani, nikapanda matatu, nikafika kwa wakati. Bolti ilinichelewesha; cheo kilipotezwa na yale maneno “sasa hivi”.

Kwa siku nyingi maneno ya yule mzee hayakunitoka, hasa ile habari ya ishara inayokataa kufunguka. Nikaanza kusoma habari za reli za nchi nyingine. Nilisoma kwamba mwaka 1872 Mmarekani mmoja, William Robinson, alipata hati ya uvumbuzi wa kupitisha umeme mdogo ndani ya reli zenyewe. Umeme huo hutoka katika betri, hupita reli moja, hufika kwenye sumaku, kisha hurudi kwa reli ya pili. Maadamu sumaku inapata umeme, huishikilia ishara ya njia wazi. Gari moshi likiingia katika sehemu ile, umeme hupita katika magurudumu na vyuma vinavyoyaunganisha, wala haufiki tena kwenye sumaku. Sumaku huachia, na ishara hugeuka kuwa ya kusimama. Uzuri wa chombo hicho ni kwamba hata waya ukikatika, au betri ikifa, au reli yenyewe ikivunjika na kuachana, sumaku huachia vile vile. Kikiharibika, chaonyesha nyekundu. Abiria watanuna na kuchelewa, lakini watafika.

Nilisoma pia habari za siku ambazo mambo hayakwenda hivyo. Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction mjini London, gari moshi la watu waendao kazini lililigonga kwa nyuma gari jingine lililokuwa limesimama, na watu 35 wakafa. Uchunguzi ulionyesha ya kuwa mafundi walikuwa wameweka waya mpya za ishara, na waya mmoja wa zamani, uliopasa kukatwa na kufungwa, uliachwa wazi. Ukagusa mahali pake pa zamani, ukapeleka umeme usiotakiwa, na ishara ikaonyesha njia ni wazi hali gari lilikuwa pale mbele. Fundi aliyeuacha alikuwa amepumzika siku moja tu katika muda wa wiki 13, wala hakuna mkubwa aliyeikagua kazi yake ipasavyo. Tena tarehe 22 Juni 2009, huko Washington, chombo cha namna hiyo cha njia ya reli kilishindwa kulitambua gari lililosimama. Gari la nyuma likaja kana kwamba mbele hapana kitu, na watu 9 wakafa.

Nikalinganisha. Chombo chetu cha Nairobi kilikuwa kibovu, na vile vya London na Washington vilikuwa vibovu. Tofauti ni kwamba chetu kilikiri ubovu wake, kikatusimamisha. Vile vingine vilikuwa vibovu na huku vikisema hali ni njema. Na hapa ndipo nilipokoma kumlaumu mkaguzi wa tiketi, kwa maana nilijiona mwenyewe.

Yanipasa sasa kuungama. Kabla sijahamishwa, katika mwanzo wa mwaka 2017, alikuwa akija ofisini kwetu Eldoret mama mmoja mjane, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Ainabkoi. Alikuwa akifuatilia karatasi za shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Jalada lake lilikuwa mikononi mwangu. Siku moja nililitafuta nisilione. Nilitafuta tena juma zima kwa siri, nisilione. Alipokuja nikaona haya kumwambia kuwa limepotea. Nikamwambia, “Mama, jalada lako limepelekwa Nairobi. Rudi baada ya wiki mbili.” Akashukuru, akaenda. Akarudi. Nikamwambia, “Bado halijarudi.” Akashukuru tena. Alifanya hivyo mara saba, kila mara akipanda matatu mbili kuja na mbili kurudi, na kila mara mimi nikimwonyesha ishara ya njia wazi hali nilijua kuwa njia imekatika. Kisha uhamisho wangu ukaja, nikapanda basi la Nairobi na siri yangu. Msomaji atanisadiki nikisema ya kuwa nilifurahi kuhamishwa.

Nikakumbuka kwamba yule mkaguzi alisema “sasa hivi” mara tatu, nami nikamwona ni mtu mbaya. Mimi nalisema “rudi baada ya wiki mbili” mara saba.

Wakati wa Pasaka ya mwaka ule niliomba likizo, nikarudi Eldoret. Jumanne baada ya sikukuu nilikwenda kwa mkubwa wangu wa zamani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa ufunguo wa stoo na karani mmoja wa kunisaidia. Tulifungua mafurushi siku mbili. Siku ya pili, alasiri, tulilipata. Mtu, na sina shaka mtu huyo ni mimi mwenyewe, alikuwa amelifunga kwa kamba moja pamoja na majalada ya lokesheni nyingine yenye jina linalofanana. Lilikuwa halikutoka katika jengo lile hata siku moja.

Nilipata barua ya onyo, nayo imo katika jalada langu mpaka leo. Niliistahili. Lakini jambo lililokuwa gumu kwangu lilikuwa kumwona yule mama. Aliitwa, akaja, na mkubwa wangu akanitaka nimweleze mwenyewe. Nilimweleza ya kwamba jalada halikupelekwa Nairobi, ya kwamba nililipoteza mimi, na ya kwamba nilimdanganya kwa kuogopa. Nilikuwa tayari kwa matusi. Alikaa kimya akifunga na kufungua fundo la leso yake. Hatimaye akasema, “Mwanangu, ungaliniambia limepotea, ningalikaa nyumbani nikakamua ng'ombe wangu.”

Hayo tu. Karatasi zake zilimalizika baadaye mwaka ule ule, akazichukua, akaenda zake. Sijamwona tena, lakini nimeyasikia maneno hayo mara nyingi. Sikuwa nimemwibia shamba. Nilimwibia siku saba za kukamua, za kupalilia, za kukaa na watoto wake, na kila siku moja niliichukua kwa neno jepesi la mdomoni, nikijisifu kuwa nimemtuliza.

Nilirudishwa Eldoret mwaka 2019, nikapanga nyumba Langas, ambako nipo hata sasa. Juu ya meza yangu nimeweka daftari, na mtu yeyote ambaye shughuli yake imekwama humwandikia mambo matatu na kumpa nakala: ni kitu gani kimekwama, kiko mkononi mwa nani, na arudi lini. Kama sijui siku ya kurudi, naandika kuwa sijui, na kuchukua nambari yake ya simu nimwite. Wenzangu wengine mwanzoni walinicheka. Walisema ya kuwa mwananchi akijua kosa ni la ofisi ataleta ugomvi. Ni kweli, wako waliogomba. Mzee mmoja wa Moiben alipiga meza yangu kwa fimbo. Lakini alikwenda nyumbani siku ile ile, hakukesha mjini akingoja “sasa hivi” yangu.

Sisemi haya ili kujitukuza, maana nimekwisha onyesha nilivyokuwa. Nasema kwa makarani wenzangu, kwa sababu najua kwamba hofu yetu ni moja. Twadhani kazi yetu ni kuonekana hatukosei. Majalada hupotea, mihuri huharibika, kompyuta huzimika katikati ya kazi. Hayo hayaepukiki kabisa, kama vile bolti za reli zisivyokosa kulegea. Lakini anayengoja ana haki ya kujua anangoja nini, ili aamue mwenyewe kama atangoja au atakwenda kukamua ng'ombe wake.

Na kwa ndugu zangu wakulima na wananchi wote ninalo neno vile vile. Ile bolti haikufunguka yenyewe. Mtu aliifungua, na mtu mwingine akainunua. Mwezi wa Januari mwaka 2022 Serikali iliisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu katika nchi nzima, kwa ajili ya uharibifu wa namna hiyo wa nguzo na nyaya za umeme na mali nyingine za umma. Auzaye kipande cha chuma cha reli hupata shilingi chache, na kijana wa ujenzi hukosa mshahara wake, na pengine siku moja ishara isikatae kufunguka. Tena tukiuliza maofisini, tuulize kwa heshima lakini tusitosheke na “njoo kesho”. Tuulize kesho hiyo kutakuwa na nini.

Narudi kwa mwalimu wetu wa Langas. Nilipomaliza kumsimulia aliniuliza, “Basi wewe hutaki tupate gari moshi la asubuhi hapa Eldoret?” Nikamjibu kwamba nalitaka sana, na likija nitakuwa wa kwanza kununua tiketi. Lakini nalijua litachelewa siku moja, kwa kuwa ni chombo, na siku hiyo nitaomba mambo mawili: ishara iwe nyekundu kweli kweli, na pawepo mtu wa kutuambia kwa nini.

Lori lile lilikuwa bado limeziba njia. Nikatoa simu yangu, nikampigia mwenzangu ofisini. Nilijua kwamba wako watu watatu niliowaandikia kuja saa mbili. “Waambie nimekwama Langas,” nilisema, “na sitafika kabla ya saa tatu na nusu. Mwenye shughuli nyingine mjini aende aimalize kwanza.”